Njia ya Misafara (7): Jini Mahaba Masikioni

Kila Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, hurudi malalamiko yale yale: vijana wameacha vitabu, wanasikiliza simulizi za jini mahaba kwenye simu. Historia ya Tabora inawatetea vijana hao. Jini huyu anayempenda binadamu, akamjia usiku kwa harufu ya udi na kumzuilia ndoa, ni wa pwani. Unyamwezini, nchi ya Tabora, walikuwa na Waswezi wao, chama cha kupagawa pepo, na mizimu ya wazee wao. Neno jini na neno mahaba, yote ya Kiarabu, yalipanda bara na misafara, tena kwa midomo ya watu. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kaze, ndiyo Tabora, Novemba 1857, baada ya siku 134 njiani kutoka pwani, mpagazi wa njia ile alibeba frasila mbili hivi za ushanga, nguo au waya. Kitabu hakikuwamo. Jioni mzigo ukishatuliwa na moto ukawashwa, burudani ilikuwa ulimi wa msimulizi na masikio ya waliochoka. Hata mmisionari Edward Steere, alipochapisha hadithi za Unguja mwaka 1870, alichapisha yaliyokwisha kusimuliwa. Karatasi ilikuja nyuma.

Wapo wanaosema kusikiliza ni uvivu. Lakini msimulizi hodari, jini anapoingia chumbani, hapazi sauti. Anaishusha, unasikia pumzi, kisha anamwita binti kwa jina, taratibu, mara mbili. Msikilizaji anayechambua mchele husita, mkono ukabaki juu ya ungo. Radio Tanzania nayo ilipotaka kufundisha uzazi wa mpango mwaka 1993 ilitumia mchezo wa kusikiliza, Twende na Wakati. Hoja ya wanaosema simulizi hizi huchochea ushirikina ni nzito zaidi: binti aliyechelewa kuolewa huweza kuburutwa kwa mganga kwa sababu ya simulizi, na mtunzi anayelichochea hilo anakosea. Lakini jini wa hadithi huonyesha pia mapenzi yanayomfunga mtu, na msikilizaji mwenye akili humtambua mume wa namna hiyo hata akiwa hana mkia. Tunachokosea sisi ni kuwapuuza wasimulizi. Kwihara, karibu na Tabora, tumelitunza tembe alilokaa mpelelezi Livingstone, lakini sauti za kambi zile za misafara zimepotea zote; na leo simulizi zinarushwa simu kwa simu, jina la mtunzi limekatwa, na aliyezisoma usiku kucha halipwi hata shilingi.