Utangulizi: Namna ya Kuisoma Pabu ya Kiingereza

Wageni wanaotembelea Uingereza hurudi na sifa tatu za pabu: bia yake, chakula chake na hali ya mahali penyewe. Bia na chakula huweza kuvieleza. Wakifika kwenye hali ya mahali, maneno huwaishia. Husema tu kwamba palikuwa pazuri na kwamba saa zilipita bila wao kujua. Utangulizi huu ni kwa ajili ya msomaji anayetaka kuvuka hapo. Hali ya mahali ina watu walioitengeneza, na kazi yao inachunguzika. Wamo wapishi wa bia wa majumbani, watunga sheria, wajenzi, watunza mapipa na wenye mali. Anayejifunza kuitambua kazi ya kila mmoja wao ataketi katika pabu ya kawaida kijijini au mjini na kuona mbele yake karne kadhaa za maisha ya Waingereza.

Kwanza niondoe hofu moja. Wasomaji wengi wa Kiswahili hawanywi pombe, na wengi wao ni kwa sababu ya imani. Elimu hii haiwadai wabadilike. Pabu huuza pia chai, kahawa, soda na maji ya matunda, na mtu anayeketi na kikombe chake saa nane mchana hamshangazi yeyote. Kinachotakiwa ni macho, masikio na subira.

Uchunguzi wa pabu kwa njia ya kisayansi una mwanzo unaojulikana. Mwaka 1937 Tom Harrisson, aliyekuwa ameishi na watu wa visiwa vya New Hebrides katika Pasifiki, aliamua kuwachunguza Waingereza wenzake kwa njia ileile. Yeye na wenzake wa Mass Observation, kikundi chao cha utafiti, walikwenda Bolton, mji wa viwanda vya pamba kaskazini mwa nchi, wakaketi katika pabu zake na kuandika walichokiona: nani anakaa chumba gani, amevaa nini, anamaliza glasi kwa dakika ngapi, anazungumza nini. Waligundua, kwa mfano, kwamba watu wanaokunywa pamoja huelekea kwenda sambamba, glasi zao zikipungua kwa kadiri moja. Kitabu chao, The Pub and the People, kilichapishwa mwaka 1943, na hadi leo hakijapitwa na wakati.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hilo lina uzito wa pekee. Tumezoea kuwa upande wa kuchunguzwa. Mwanahistoria Justin Willis ameandika kitabu kizuri, Potent Brews (2002), kuhusu pombe katika Afrika Mashariki tangu 1850. Na bia ya kiwandani ya Kenya ilianzishwa na Waingereza: ndugu wawili, George na Charles Hurst, walifungua kiwanda chao Nairobi mwaka 1922, na jina la Tusker ni kumbukumbu ya George, aliyeuawa na tembo. Njia waliyopitia wao kuja kwetu inapitika pande zote mbili. Ni haki yetu nasi kwenda kuketi kwao na daftari, kwa heshima, na kuuliza maswali yetu.

Mkono wa kwanza ulioitengeneza pabu ni wa mpishi wa nyumbani. Katika Enzi za Kati, eli, yaani bia ya kimea cha shayiri isiyotiwa hopsi, ilipikwa majumbani, na wapishi wake aghalabu walikuwa wanawake. Kama mbege ya Kilimanjaro, haikuweza kungoja. Iliharibika baada ya siku chache. Kwa hiyo aliyepika zaidi ya mahitaji ya nyumba yake alichomeka mti wenye kichala cha matawi juu ya mlango, majirani wakajua kuna kinywaji kipya. Katika karne ya 15 hopsi zilienea kutoka nchi za Flanders na Uholanzi, na ua hilo chungu likageuza mambo, kwa sababu bia yenye hopsi hudumu na husafirishwa mbali. Upishi ukawa biashara ya mtaji, vyombo vikubwa na mikopo, vitu ambavyo sheria na desturi za wakati ule ziliwanyima wanawake. Judith Bennett amelifuatilia badiliko hilo katika Ale, Beer, and Brewsters in England (1996). Namshauri kila anayeanza aanze na kitabu hicho, maana kinafundisha kuuliza, kabla ya swali lolote kuhusu ladha, ni nani aliyeruhusiwa kupata riziki yake hapa. Wanawake walisukumwa pembeni, lakini umbo la nyumba lilibaki. Hata sasa pabu nyingi zina moto wa kuni, viti visivyolingana na mwenye nyumba anayeishi ghorofa ya juu.

Mkono wa pili ni wa sheria. Mwaka 1552 Bunge liliamua kwamba hakuna nyumba ya eli itakayofunguliwa bila kibali cha mahakimu wa amani. Tangu hapo pabu imeishi chini ya jicho la dola. Mwaka 1830 jicho hilo lililegezwa: kwa kuhofia pombe kali ya jini, serikali ilimruhusu mlipa kodi yeyote kuuza bia nyumbani kwake akilipa gini mbili tu, na katika miaka michache makumi ya maelfu ya nyumba za bia yakafunguliwa. Ndiyo maana mitaa mingi ya wafanyakazi ikawa na pabu ndogo pembeni mwa barabara, yenye ukubwa wa nyumba jirani. Vita Kuu ya Kwanza ikakaza tena. Kwa ajili ya kulinda uzalishaji wa silaha, saa za kuuza zilipunguzwa, pabu zikafungwa mchana, na kuanzia 1915 katika maeneo mengi ilikuwa kosa hata kumnunulia mwenzako kinywaji. Kufungwa kwa mchana kulidumu hadi 1988. Kengele inayopigwa kutangaza kwamba ni nafasi ya mwisho ya kuagiza, ambayo wageni huiona kama desturi ya kupendeza, ni sauti ya sheria hizo. Tangu 2005 saa ni huru zaidi, lakini kengele ingali inalia.

Mkono wa tatu ni wa mjenzi. George Inn ya Southwark, London, iliyojengwa upya baada ya moto wa 1676, bado ina baraza za ghorofani zinazotazama ua ambamo magari ya farasi yaliingia na abiria. Mwishoni mwa karne ya 19 wenye viwanda vya bia walishindana kwa mbao za mahogani, vigae vya rangi na vioo vilivyochorwa. Kilele chake ni Philharmonic Dining Rooms ya Liverpool, jengo ambalo mwaka 2020 lilipewa daraja la juu kabisa la ulinzi wa kihistoria. Lakini urembo huo wa Kivictoria ulijengwa ili kuwatenganisha watu. Kulikuwa na chumba cha wafanyakazi chenye sakafu tupu na bei nafuu, na chumba cha wenye nafasi chenye zulia na bei ya juu. Katika The Lamb, eneo la Bloomsbury, bado vipo vidirisha vya kioo kwenye usawa wa uso juu ya kaunta, vilivyowekwa ili mteja aagize bila sura yake kuonekana.

Mtafiti makini hapaswi kusifu ukarimu wa pabu bila kuuliza ulimhusu nani. Februari 1965, Malcolm X, mpigania haki za Wamarekani weusi, ambaye miezi michache nyuma alikuwa Dar es Salaam na Nairobi, alifika Smethwick, karibu na Birmingham, akaingia pabu ya Blue Gates. Katika chumba kimoja cha pabu hiyo watu weusi na Waasia hawakuhudumiwa, naye hakuhudumiwa. Siku tisa baadaye aliuawa New York. Mwaka huohuo Uingereza ilitunga sheria ya kwanza ya kukataza ubaguzi wa rangi katika mahali pa umma, pabu zikiwamo. Leo katika Smethwick na West Bromwich kuna pabu zinazoendeshwa na familia zenye asili ya Punjab, ambako kuku wa tanduri na nyama za kuchoma hupelekwa mezani pamoja na painti za bia, na wateja wa kila rangi hujaza viti. Hizo nazo ni pabu za Kiingereza, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa zinazostahili kuandikiwa zaidi.

Sasa tushuke chini, kwenye chumba cha mapipa, maana hapo ndipo bia ya pabu inapotofautiana na nyingine. Bia ya kegi huja ikiwa imekamilika, na husukumwa juu kwa gesi. Bia ya pipa huja ikiwa hai: hamira ingali inafanya kazi ndani yake. Mtunza mapipa hulilaza pipa, huruhusu hewa chafu itoke kupitia kijiti kilichochomekwa juu, husubiri mashapo yatulie hadi bia iwe angavu, huionja, ndipo huifungulia njia. Akishaanza kuiuza, hewa huingia kila painti inapotoka, na bia hiyo hutakiwa kumalizika kwa takriban siku tatu. Joto la chumba ni kama nyuzi 12. Mtu aliyezoea kuulizwa na mhudumu kama anataka ya moto au ya baridi atashangaa, maana hii si moto wala si baridi. Ni joto la ardhi, linaloacha ladha ya kimea na hopsi isikike. Kule juu, mhudumu huivuta bia kwa mpini mrefu wa pampu ya mkono, hujaza glasi ya mililita 568, naye hategemei gesi bali nguvu ya mkono wake. Bia hiyohiyo, kutoka kiwanda hichohicho, inaweza kuwa tamu katika pabu moja na kuwa mbovu katika ya pili, kulingana na mtu anayeitunza. Katika miaka ya 1960 viwanda vikubwa vilianza kuiacha kwa sababu ya usumbufu huo. Iliokolewa na wanywaji wenyewe, walioanzisha mwaka 1971 chama cha kuitetea, CAMRA.

Kuhusu chakula nitasema kwa ufupi. Mkate, jibini na achari, mlo unaouzwa kama chakula cha kale cha mkulima, ulipewa jina na umaarufu wake na matangazo ya wauza jibini katikati ya karne ya 20. Mlo wa Jumapili, nyama ya kuoka na viazi, mboga, mchuzi mzito na kile kiandazi cha Yorkshire kilichovimba, una mizizi mirefu zaidi, na ndio ninaomshauri mgeni auanzie. Majiko ya pabu yalipata nguvu kadiri unywaji ulivyobanwa: kipimo cha ulevi kwa madereva kilianza 1967, na uvutaji wa sigara ndani ulipigwa marufuku Uingereza mwaka 2007. Mwaka 1991 The Eagle, mtaa wa Farringdon, London, ilionyesha kwamba pabu inaweza kupika kwa ustadi wa mgahawa huku meza zikibaki za pabu, na wengi wakaifuata.

Mkono wa mwisho ni wa mwenye mali, na ndio usioonekana kwa urahisi. Kwa muda mrefu pabu nyingi zilikuwa mali ya viwanda vya bia, na mpangaji alilazimika kuuza bia ya mwenye nyumba. Mwaka 1989 serikali iliviwekea viwanda vikubwa kikomo, lakini pabu hizo zikaangukia kampuni za majengo, na kwa kampuni kama hizo kiwanja mara nyingi kina thamani kuliko kaunta. Mwaka 2000 Uingereza nzima ilikuwa na pabu zaidi ya 60,000. Sasa hazifiki 50,000. Wananchi hawakukaa kimya. Kijiji cha Hesket Newmarket, Cumbria, kiliinunua pabu yake, Old Crown, kwa njia ya ushirika mwaka 2003. Na Carlton Tavern ya London ilipobomolewa bila kibali mwaka 2015, halmashauri iliamuru ijengwe upya kama ilivyokuwa. Ikafunguliwa tena 2021.

Mwenye kuanza utafiti afanye hivi. Aingie pabu moja, si kumi, na airudie kwa saa tofauti. Aagize kwenye kaunta na alipe papo hapo, kwa kuwa kwa desturi hakuna mhudumu wa mezani. Atazame jinsi watu wasiopanga foleni wanavyojua zamu ya nani imefika, na nani anamnunulia nani raundi. Aulize pabu ni ya nani, na ni pipa gani linalokwisha upesi. Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.

Zaidi ya hapo yapo maswali yanayowangoja wasomi wetu hasa. Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi London, Leicester au Birmingham wanaitumiaje pabu ya mtaa wao, na wasioiingia wanakutania wapi? Binti wa Kitanzania anayefanya kazi nyuma ya kaunta anajifunza nini kuhusu tabaka za Waingereza ambacho darasani hakifundishwi? Maswali hayo hayahitaji fedha nyingi wala maabara. Yanahitaji mtu wa kuuliza mapema, kwa sababu pabu ikishageuzwa kuwa vyumba vya kupangisha, wazee waliokuwa wakiketi humo hutawanyika, na hapana atakayeweza kuwakusanya tena kwa mahojiano. Karibu katika kazi hii, nawe uianze upesi.