Kichina, Kijerumani au Kifaransa? Soma hii kabla hujalipia kozi

Karibu kila mtaa una mtu aliyewahi kuanza Kichina. Alilipia miezi mitatu, akanunua daftari jipya, akajua kusalimia na kuhesabu hadi kumi, kisha maisha yakaendelea. Sasa hivi wengi wanakimbilia Kijerumani. Kesho huenda ikawa Kikorea, maana tamthilia nazo zina nguvu yake.

Shida ya kufuata upepo ni kwamba upepo hugeuka. Malindi na Watamu, Kiitaliano kimelisha familia nyingi. Waitaliano walianza kurusha satelaiti kutoka bahari ya hapo mwaka 1967, na watalii wakafuata. Zanzibar nako vijana wa ufukweni walikishika Kiitaliano vizuri tu, halafu wakaanza kumiminika wageni kutoka Poland na Urusi. Wengine ikabidi waanze upya.

Anayeongoza watalii anaweza kuanza upya, kwa sababu anajifunzia kazini na mgeni mwenyewe ndiye mwalimu. Anayesoma darasani jioni akitoka kazini hana nafasi hiyo. Huyo inabidi apige hesabu mapema.

Hesabu ya saa

Taasisi inayofundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani ina makadirio yanayotumika sana. Ili mtu aweze kufanya kazi kwa Kifaransa, anahitaji kama wiki 30 za darasa la kutwa. Kijerumani ni wiki 36. Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kikorea ni wiki 88, yaani saa 2,200 hivi. (Kiswahili, kwa taarifa tu, wamekiweka kundi moja na Kijerumani.)

Sasa chukua mtu anayesoma saa mbili, siku tatu kwa wiki. Saa 2,200 kwake ni miaka saba. Kozi ya miezi mitatu ni kugonga hodi tu.

Ila makadirio hayo ni ya watu waliokulia kwenye Kiingereza. Kwa Mswahili mambo yanabadilika kidogo. Kitabu, wakati, elimu, samaki, sahani: maneno hayo yana asili ya Kiarabu, na aliyepita madrasa tayari anazisoma herufi. Huo ni mtaji. Bado sarufi ni ngumu, na Kiarabu cha kitabuni si kile kinachosemwa jikoni au dukani Muscat. Anayekwenda kufanya kazi Ghuba atafute mtu wa kumfundisha kile cha mazungumzo.

Kazi inataka karatasi gani?

Hapa ndipo wengi wanapopigwa. Kenya na Ujerumani zilisaini makubaliano ya ajira Septemba 2024, na tangu hapo maneno ya mitaani yamekuwa mengi kuliko habari. Ni kweli kwamba tangu Juni 2024 Ujerumani ina kibali cha kwenda kutafuta kazi kinachoweza kuombwa hata na mwenye Kijerumani cha A1, ngazi ya chini kabisa. Lakini kibali hicho kina masharti mengine, yakiwemo ujuzi unaotambulika na uthibitisho wa fedha za kujikimu. Na kibali cha kutafuta kazi si kazi. Muuguzi kwa kawaida hutakiwa kufika B2 ili atambuliwe kikamilifu. Anayekwenda kujifunza ufundi kazini huulizwa B1. Wakala akisema A1 inatosha, aulizwe: inatosha kwa kitu gani?

Kwa Kichina, inategemea mtu anakitaka cha nini. Anayetaka kusoma shahada kwa Kichina huko China atahitaji cheti cha mtihani wa HSK, mara nyingi ngazi ya nne. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata mzigo Guangzhou hatadaiwa cheti na mtu. Anachohitaji ni namba, vipimo, rangi na ulimi wa kupunguziwa bei. Hivyo vinashikika ndani ya mwaka mmoja, tena bila kuandika herufi hata moja.

Kifaransa kinachosahaulika

Lugha inayopuuzwa zaidi ni ya majirani. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mizigo yake mingi hupita bandari ya Dar es Salaam. Dereva wa lori anayetoka Dar kupitia Tunduma na Zambia hadi Lubumbashi anaweza kuongea Kiswahili na watu atakaowakuta huko, kiwe Kiswahili chao chenye vionjo vya Kifaransa. Shida inaanza kwenye makaratasi. Fomu za serikali, barua na mikataba ya Kongo ni Kifaransa.

Kwa hiyo kijana wa wakala wa forodha anayesoma fomu hizo mwenyewe, kisha akapiga simu Lubumbashi au Goma kwa Kiswahili, ana kitu ambacho Mfaransa hana na Mkongo asiyejua Kiingereza hana. Hahitaji viza kuanza kukitumia. Burundi nako Kifaransa kingali lugha ya ofisi. Na Arusha iko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambako Kifaransa ni lugha ya kazi ya kila siku.

Simu kutafsiri? Inasaidia kusoma bango na kuagiza chakula. Lakini balozi, hospitali na vyuo havipokei cheti cha simu.

Kabla ya kulipa, ulizia pia mtihani unafanyika wapi na unagharimu kiasi gani, kwa sababu ada yake mara nyingi haimo kwenye ada ya kozi. Cheti cha Kifaransa cha DELF hakiishi muda. Matokeo ya HSK kwa ajili ya kujiunga na chuo China hutumika miaka miwili tu, kwa hiyo asiye na mpango wa kuomba chuo karibuni hana haja ya kuharakisha kuufanya.