Usaili wa kazi ya usanifu wa programu: Neno kwa ndugu zetu wa Al Wukair

Al Wukair iko kusini mwa Doha, mji mkuu wa Qatar, katika manispaa ya Al Wakrah. Ni eneo la majumba ya kupanga, na humo wanaishi wageni wa mataifa mengi, wakiwemo ndugu zetu wa Afrika Mashariki. Wengi wa ndugu hao waliingia Qatar kwa kazi za ulinzi, udereva, usafi au hoteli, ingawa wapo walioacha nyumbani vyeti vya kompyuta, uchoraji au biashara. Kima cha chini cha mshahara nchini humo, kilichoanza kutumika Machi 2021, kiliwekwa riyali 1,000 kwa mwezi, mbali na posho ya malazi na chakula pale mwajiri asipovitoa. Si ajabu basi kwamba wapo wanaotoka zamu ndefu na bado wakafungua kompyuta kutafuta njia ya kupanda ngazi.

Moja ya njia hizo ni kazi inayojulikana duniani kwa herufi mbili, UX. Ni usanifu wa namna mtu anavyoitumia programu ya simu, tovuti au huduma nyingine bila kuhangaika. Jina hilo lilienezwa na Mmarekani Don Norman alipokuwa katika kampuni ya Apple miaka ya 1990. Kazi hii haimlazimu mtu kuwa fundi wa kuandika programu, na michoro yake huweza kuanzwa bila malipo kwa vyombo vya intaneti kama Figma. Hata hivyo, ina kizingiti kigumu, nacho ni usaili. Mwombaji huja na picha nzuri za kuonyesha, ilhali msaili anataka kusikia alivyofikiri.

Mfano mzuri tunao nyumbani. Mwezi Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom walianza kuifanyia majaribio M-Pesa nchini Kenya pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Lengo la awali lilikuwa wateja walipe marejesho ya mikopo kwa simu. Wahusika walipofuatilia, waligundua kuwa wateja wanaitumia kwa mambo mengine: kutumiana fedha, na hata kuziweka humo wanaposafiri ili wasitembee na noti mfukoni. Huduma ikapangwa upya, na ilipozinduliwa Machi 2007 ujumbe wake kwa wananchi ulikuwa mfupi: tuma pesa nyumbani.

Hiyo ndiyo hadithi anayoitaka msaili. Ni shida gani, ya nani, uliona nini watu walipotumia ulichotengeneza, ukabadilisha nini, na mwisho wake ukawaje. Mwenye kuweza kuyajibu hayo matano kwa mradi mmoja mdogo ana nafasi nzuri kuliko mwenye picha 30 zisizo na maelezo.

Kwa hiyo maandalizi yaanze na mkusanyo wa kazi, yaani potifolio. Miradi miwili au mitatu inatosha. Wakazi wa Al Wukair hawana haja ya kubuni matatizo ya kufikirika. Kutuma fedha Kampala au Mombasa, kuuliza daftari la zamu, kuelewa hati ya malipo ya mshahara, kujaza fomu ya serikali kwa lugha isiyo yako: yote hayo ni malighafi. Chora suluhisho, kisha wape wenzako wajaribu huku ukiwatazama kimya bila kuwasaidia. Mtaalamu Jakob Nielsen alieleza mwaka 2000 kwamba majaribio ya watu 5 tu hufichua sehemu kubwa ya kasoro. Watu 5 hawakosekani katika nyumba ya kupanga. Andika pale walipokwama, maana hapo ndipo penye thamani kwenye usaili. Waombe ruhusa kwanza, na usionyeshe majina yao wala nyaraka za mwajiri wako.

Siku ya usaili, jambo la kwanza huwa kuueleza mradi mmoja kwa muda maalumu. Fanya mazoezi kwa sauti, kwa Kiingereza, saa ikiwa mezani. Hapa adabu yetu huweza kutuponza. Tumelelewa kusema "tulifanya" hata pale mtu alipofanya peke yake, kwani kujitaja ni majivuno. Msaili akisikia "tulifanya" mara kumi hajui wewe ulifanya nini. Taja wenzako, kisha sema wazi sehemu yako.

Jambo la pili ni zoezi la papo kwa papo. Unaweza kuambiwa usanifu mashine ya kuongezea salio la kadi ya metro kwa abiria asiyesoma Kiarabu wala Kiingereza. Anayekimbilia kuchora amekosea njia. Uliza kwanza: abiria huyu ni nani, ana haraka kiasi gani, ana noti au kadi ya benki, anaweza kutambua rangi na alama? Na hapa tuseme ukweli. Aliyezoea lindoni kuitikia "ndiyo bosi" kwa kila agizo, kwa kuwa huko kuuliza kunaweza kumgharimu kazi, atapata tabu kumuuliza msaili maswali. Lakini katika kazi hii, kuuliza ndiko kunakopimwa. Jizoeze na rafiki akutupie matatizo, nawe usishike kalamu kabla ya maswali matano.

Kwa waajiri wa Qatar lipo na suala la Kiarabu. Ukurasa wa Kiarabu husomwa kutoka kulia, hivyo vitufe na mishale ya kurudi nyuma hugeuzwa upande, ilhali tarakimu hubaki zikisomwa kutoka kushoto. Kijana wa Lamu au Unguja aliyepita chuoni akasoma juzuu tayari macho yake yanaijua njia hiyo. Asilifiche hilo. Aweke mradi mmoja wenye kurasa za lugha zote mbili.

Aidha, sheria nayo iwe sehemu ya maandalizi. Tangu mageuzi ya mwaka 2020, mfanyakazi nchini Qatar anaweza kubadili mwajiri bila kibali cha mwajiri wa zamani. Kwa walio chini ya sheria ya kazi, notisi ni mwezi mmoja kwa aliyefanya kazi miaka miwili au chini yake, na miezi miwili kwa aliyezidisha. Pamoja na hayo, mashirika ya haki za wafanyakazi yameeleza kuwa baadhi ya waajiri huwawekea vikwazo wanaotaka kuondoka. Basi usiache kazi kwa ahadi ya mdomo. Subiri barua ya ajira, fuata utaratibu wa Wizara ya Kazi, na weka nakala za mkataba wako. Wala usipokee kazi za malipo pembeni bila idhini, kwani zinaweza kukuharibia ukaazi. Na anayekutaka ulipe ili usailiwe, mkimbie: sheria ya kazi ya mwaka 2004 inawakataza mawakala kuwatoza wafanyakazi ada ya kuajiriwa.

Safari yenyewe si ndefu. Njia Nyekundu ya metro, iliyofunguliwa Mei 2019, huanzia kituo cha Al Wakra na kupita Msheireb na West Bay hadi Lusail, kwenye ofisi nyingi. Fika mapema, na hifadhi kazi zako ndani ya kompyuta, usitegemee intaneti ya ofisi ya watu.

Wengine watakataliwa mara ya kwanza, na hata ya tano. Wakikataliwa, waulize kwa heshima ni wapi walipungukiwa, wakarekebishe. Aliyeishi ughaibuni akihangaika na fomu, mashine na lugha za watu anazijua shida za mtumiaji kwa undani. Kilichobaki ni kujifunza kuzieleza.