Jirani wa Samaki Wadogo

Akaaye Karema au Ikola, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, humjua sana kuhe, samaki mkubwa wa kitoweo. Lakini si wengi waliomtazama ndugu yake mdogo akaaye chini mchangani, naye ni wa jamaa moja na kuhe na perege. Huyo hafikii sentimeta 5, na nyumba yake ni ganda tupu la konokono. Humo hulala, humo jike hutaga, na humo wana hukimbilia penye hatari. Wataalamu humwita Neolamprologus multifasciatus, na jina hilo la pili alipewa mwaka 1906.

Siku hizi watu wa Ulaya na Marekani humfuga katika matangi ya kioo, na mwalimu wa kwetu aweza kufanya vivyo hivyo, watoto waone jinsi mzazi alindavyo mlango wake. Tangi la sentimeta 60 latosha samaki sita, lenye mchanga na maganda yasiyopungua matatu kwa kila mmoja. Maji ya mvua peke yake hayafai, kwa kuwa maji ya ziwa letu ni magumu.

Neno gumu ni moja: nani akae naye? Ziwani aliyeshindwa hukimbia mbali. Katika kioo hana pa kukimbilia, na ugomvi mdogo huleta mauti.

Basi usimchague jirani kwa uzuri wa rangi. Mchague kwa mahali akaapo. Tangi, kama ziwa, lina sehemu tatu: mchanga, mawe, na maji ya juu. Mchanga umekwisha kuwa na wenyewe. Jirani wa kwanza, basi, na awe wa juu. Cyprichromis leptosoma ni mwembamba, huogelea kwa makundi, na jike wake hulea mayai kinywani. Hana haja ya ganda. Ila kwa kuwa hupenda nafasi, tangi lake liwe la mita moja au zaidi. Jirani wa pili ni Julidochromis, atagaye katika nyufa za mawe. Huyo awe jozi moja tu, na mawe yake yawekwe upande wa pili, mbali na maganda, maana akikaribia hula vifaranga.

Wako wasiofaa kabisa. Lamprologus ocellatus naye hukaa katika ganda, hulizika mchangani hata mlango tu waonekana. Katika tangi dogo hao wawili watagombea mchanga ule ule. Ngogo, wa jamaa ya kambare, hutembea usiku. Mchana waweza kumsifu kwa upole wake, na asubuhi ukakuta vifaranga vimekwisha. Samaki wa mto Amazon nao hupenda maji laini: ukiwafaa hao, umewadhuru wa kwetu.

Na atakaye wana wengi, awaache wazazi peke yao. Wana wa kwanza hawafukuzwi. Hukaa karibu na wazazi hata wadogo zao wazaliwe, na baada ya muda tangi huwa kijiji. Jirani si lazima. Akiingizwa, mtazame jioni taa ififiapo, siku saba mfululizo, ukahesabu vifaranga. Wakipungua, mwondoe siku ile ile, usingoje kesho.