Madiwani wa Gwynedd

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, leo nawapeleka Wales, nchi ya milima na kondoo iliyo magharibi mwa Uingereza. Kaskazini kwake, mjini Caernarfon, ipo ngome kubwa ya mawe ambayo Edward I, mfalme wa Waingereza, alianza kuijenga mwaka 1283 baada ya kuwashinda wenyeji. Karibu na ngome hiyo ndipo yalipo makao makuu ya Halmashauri ya Gwynedd. Humo madiwani hujadiliana kwa Kiwelisi, lugha ya wale walioshindwa, na asiyeijua husikiliza tafsiri kwenye kifaa cha masikioni. Hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Wales ina halmashauri 22. Hii ya Gwynedd ina madiwani 69, na karibu kila kata hutoa mmoja. Mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye mshindi, hata akiwazidi kwa kura moja tu. Katika uchaguzi wa Mei 2022, chama cha Plaid Cymru kilipata viti 44 na wagombea binafsi 23; viwili vilivyobaki vilikwenda kwingine. Madiwani humchagua kiongozi wao, naye huteua wenzake wachache wa kuongoza shule, barabara, taka na matunzo ya wazee. Wengine hukaa kwenye kamati na kuwahoji hao walioteuliwa.

Mtauliza, kura inamletea nini mtu? Basi sikieni. Gwynedd ina pwani nzuri, na matajiri wa mbali hununua nyumba huko ili wapumzike siku chache kwa mwaka. Vijana wa kijijini wanabaki bila pa kukaa, maana bei zimewashinda. Madiwani wakapiga kura: kuanzia Aprili 2023, mwenye nyumba ya mapumziko analipa kodi ya halmashauri pamoja na nyongeza ya asilimia 150. Madiwani walioamua hivyo walipelekwa Caernarfon na wapiga kura wa vijijini.

Na wapiga kura hao si watu wazima peke yao. Uchaguzi wa 2022 ulikuwa wa kwanza wa madiwani huko Wales kuwaruhusu wenye miaka 16. Hata mgeni anayeishi huko kihalali hupiga kura.

Linaloniuma ni hili: mwaka huohuo, katika kata nyingi za Gwynedd alijitokeza mgombea mmoja tu, akapita bila kupingwa. Kijana wa miaka 16 wa kata hizo, aliyeisubiri siku ile kwa hamu, hakupewa hata karatasi ya kumchagua diwani.

Uchaguzi unaofuata umepangwa kufanyika Mei 2027. Aliyekuwa na miaka 11 siku ile ya 2022 atapiga kura. Aliyekuwa na 13 atakuwa ametimiza 18, umri wa kugombea.