Kijana akirudi toka hospitali

Baba na mama wa kambi, kijana aliyeumia ubongo, kidonda cha kichwa kikiisha kukauka, tunasema: «Amepona.» Bado! Anasahau, anachoka upesi, anakasirika bure. Si uchawi, wala si adabu mbaya. Ubongo unaomba miezi mingi, pengine miaka.

Baba akiwa kazi ya usiku, mama anakesha peke yake. Jirani mmoja alete bukari, mwingine akae na mgonjwa ili mama alale. Msiingie watu kumi pamoja, hata mkija kuomba: makelele yanamchokesha. Vijana wenzake wamtembelee mmoja mmoja, lakini wasimwite kwenye mpira, maana pigo la pili laweza kumwua.

Kifafa kikimshika, mlaze ubavu, usitie kijiko kinywani. Kikipita dakika 5, mkimbize kwa munganga.