Kuchagua Bomba la Hewa la Pikapu

Injini ya dizeli ya lita 2.4, kama ile ya Toyota Hilux, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika humeza lita 3,600 hivi za hewa kila dakika, na turbo huongeza kiasi hicho. La kuangaliwa kwanza basi ni mahali hewa hiyo inakotoka. Bomba lenye kichujio cha wazi chini ya boneti hunguruma vizuri, ila huvuta hewa ya moto, iliyo nyepesi; kwa gari la kazi ni pambo tu. Snorkeli inayopanda hadi usawa wa paa huchota hewa ya baridi yenye vumbi pungufu, jambo linalomfaa sana anayefuata malori kwenye barabara ya changarawe. Mtoni huzuia maji yasiingie kwenye silinda, ambako hayashindiliki na huweza kupinda konrodi. Hayo yote ni bure ikiwa viungo havikuzibwa barabara, pamoja na tundu la kutolea maji kwenye kasha la kichujio. Oltaneta na giaboksi, kwa vyovyote, hazilindwi na snorkeli. Kichujio cha karatasi kikibadilishwa kwa wakati kinatosha. Cha pamba kikizidishiwa mafuta huchafua sensa ya hewa.